Mikono ya Mama Léopold

Ezira alikuwa ameshapima kila kitu katika wodi ya upasuaji isipokuwa mikono ya Mama Léopold.

Alianza na bomba la maji. Akaja kwenye vyuma vya vitanda, vitasa vya milango, vidole vya wauguzi, hata kalamu ya daktari, ambaye hakufurahi. Kila mahali alipitisha kijiti chenye pamba, akakifungia kwenye kichupa na kushuka nacho maabara. Hakupata kitu. Na bado wagonjwa waliendelea kukipata humo wodini kijidudu kilekile: kidonda kinakaribia kupona, ghafla kinaoza, na dawa tatu kali kuliko zote hazifui dafu.

Wiki hiyo ya Oktoba 2014 walikuwa wamefika kumi na mmoja. Ezira aliwajua kwa namba, kwa sababu Kampala, zilikokusanywa takwimu za nchi nzima kuhusu vijidudu vilivyoshinda dawa, hawakutaka majina. Kila aliyepimwa, Ezira alimwandikia namba kwenye pembe ya kadi yake ya hospitali, akaiandika na kwenye daftari, basi. Namba 5 alipona. Namba 8 alikatwa mguu. Namba 1, ambaye kijidudu kilionekana kwake kwanza, alifariki mwezi wa Aprili kabla majibu hayajatoka. Sura zao Ezira hakuzikumbuka, na jambo hilo lilimuuma kila alipokaa kula peke yake katika chumba chake cha kupanga kule Ruti, pembeni mwa mji wa Mbarara.

Mama Léopold hakuwa kwenye orodha yoyote. Alikuwa mmoja wa wale jamaa wanaokuja kuuguza, wanaolala kwenye mikeka kando ya vitanda na kupika uji nyuma ya jengo. Katika ramani ya wodi aliyoichora mwenyewe, Ezira alitia mpaka ndoo ya taka; jamaa hao aliwasahau wote. Hadi asubuhi moja alipomwona mama huyo akimwosha mzee wa kitanda cha pili, kisha, kwa beseni lilelile la njano na kitambaa kilekile, mwanamume wa kitanda cha tisa. Hakuna aliyekuwa mtu wake.

Ezira alimuuliza kwa nini. Mama akamshangaa. Kwao Kivu, akasema, na hata Nakivale, kambini kwa wakimbizi, mgonjwa asiye na mtu ni wa yule aliye karibu naye.

"Huyu hana mutu. Sasa nimuache na uchafu?"

Wodi nzima ilimpenda. Wauguzi walihamishwa kila baada ya miezi mitatu, yeye alikuwapo tu. Aliwahi kutoka mara moja, siku nne za mwezi wa Aprili, akarudi na beseni lake. Askari wa getini hakujisumbua tena kuisoma kadi aliyomwonyesha. Na katika Mbarara yote ni yeye peke yake aliyewahi kumuuliza Ezira kama amekula. Alimwekea uji kwenye kikombe cha plastiki, na Ezira, ambaye kwa kazi yake alijua fika kwamba hapaswi, aliunywa wote.

Alipomwomba mikono ili aipime, mama aliinyoosha mara moja.

Majibu yalitoka Alhamisi. Kijidudu kilekile, mikono yote miwili.

Sista Kampire, mkuu mpya wa wodi, hakuwa mtu mkali, lakini amri yake haikuwa na mjadala. Mama yule aende nyumbani siku hiyohiyo, na mgonjwa wake ahamishiwe chumba cha peke yake. Ezira akalete jina la mgonjwa huyo na namba ya kitanda chake.

Alimkuta nyuma ya jengo akisuuza beseni. Akamweleza taratibu, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga cha kwao Bwizibwera, kwamba yeye si mgonjwa na wala hana kosa, ila mikono yake inakibeba kile kijidudu kutoka kitanda hadi kitanda. Mama aliitazama mikono yake. Kisha akauliza kama wale wengine waliugua kwa sababu yake. Ezira alitaka kumdanganya, akashindwa.

"Wengine, ndiyo, mama."

Alilia bila sauti, beseni likiwa bado mkononi.

"Munioshe mikono na dawa yenu, nibakie," alisema baadaye. "Usinirudishe Nakivale, mwana yangu. Kule nitaikala na nani?"

Ezira alijua mzazi anaogopa nini: mwanawe kuachwa peke yake kati ya watu asiowajua. Basi akamwahidi, na aliahidi kwa moyo wake wote, kwamba Léopold atamwangalia yeye mwenyewe. Atamnywesha uji kila asubuhi kabla ya kazi. Atamwosha, kwa beseni lake peke yake. Jumapili atakaa naye, maana hata hivyo Jumapili zake zilikuwa tupu.

"Wewe lete kadi yake tu, mama. Mimi nitakaa na yeye."

Mama aliweka beseni chini. Akafungua fundo la kitenge, akatoa kadi iliyolegea kwa kukunjwa na kukunjuliwa, akampa kwa mikono miwili.

Ezira akaikunjua atafute namba ya kitanda. Jina lilikuwa Léopold. Kwenye pembe, kwa mwandiko wake mwenyewe, palikuwa pameandikwa: Namba 1.