Punda Aliyeipenda Kazi

Fisi alikuwa na kinu cha kukamua ufuta. Asubuhi kilizungushwa na Ngamia mzee, jioni na Punda, na kila mmoja alifungwa kitambaa machoni asishikwe na kizunguzungu.

"Mnazunguka kama mnaokwenda mazikoni," Fisi aliwaambia. "Ipendeni kazi, nayo itawapenda."

Ngamia alicheua tu. Punda maneno yalimwingia. Tangu siku ile akawa anainamisha kichwa afungwe kitambaa kabla hajaitwa, na akizunguka anakwenda mbio huku anaimba.

"Punguza, mwanangu," Ngamia alimwambia. "Kinu hakijui nani anakipenda."

"Bibi, wewe umeshachoka," Punda akamjibu. "Mimi bado nina moyo."

Siku moja akaomba na zamu ya asubuhi. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekamua ufuta wote, fungu lake na la Ngamia. Alipofunguliwa macho alimtafuta mwenzake amwoneshe. Zizi lilikuwa tupu.

"Bibi yuko wapi?"

Fisi alikuwa anajilamba midomo. "Hakuwa na kazi tena," akasema. "Nani alishe wawili, na mmoja anatosha?"

Punda akaacha kuimba. Ngozi iliyoanikwa nyuma ya zizi ilipokauka, Fisi alimvisha hatamu mpya, akamfunga kitambaa, akamwinamia sikioni.

"Mwendo ule ule," akasema, "au nitafute mwingine mwenye moyo."

Punda aliitambua harufu ya ile hatamu. Akaanza kukimbia.