Kefir ya Mama Mkwe, Hamira ya Wifi

Wifi alichora mstari katikati ya karatasi. Upande mmoja akaandika kefir, upande wa pili hamira lishe. Fundi alikaa mbele yake na ya mama mkwe, amekumbatia tumbo, kama mshtakiwa anayesubiri kusomewa hukumu.

Jina la Fundi alipewa na ukoo wa mumewe kwa sababu ya cherehani yake, likamganda. Mumewe alikuwa mbali, kwenye ujenzi wa barabara. Humu ndani wenye amri walikuwa wawili: mama mkwe, aliyehamia miezi miwili iliyopita, na wifi, afisa lishe, aliyepita kila akitoka kazini.

Mama mkwe alitetea kefir. Aliitengeneza mwenyewe kwenye chupa pana ya kioo: maziwa, na zile chembe nyeupe zenye mafundo mafundo, yakachacha mpaka yakawa mazito. Glasi moja, alisema, ina protini na kalsiamu, na bakteria wake hai wanatuliza tumbo. Tumbo likitulia mtu anakula, na mtu akila anarudi.

Wifi akafungua pakiti yake ya vipande vya njano vinavyonukia kama jibini. Hii si hamira ya mkate, alieleza. Imeshauawa kwa joto, haiumui kitu. Vijiko viwili vikubwa vinaikaribia glasi ile kwa protini, na kwenye vitamini za kundi B ndiko nyumbani kwake. Kalsiamu, hata ya kuonja hakuna, na B12 imo tu kwa sababu kiwanda kimeiongeza. Kefir ina B12 yake ya asili, ila si nyingi, na kwa madini ya chuma haifui dafu.

"Damu inahitaji vyote," wifi alisema, akimtazama mama yake, si Fundi. "Mwili umechoka."

"Basi atakula vyote," mama mkwe akakata shauri.

Laiti ingekuwa hamira ya kuumua, Fundi aliwaza. Chini ya gauni lake hakukuwa na kitu ila matabaka manne ya sponji, aliyoyashona kwa mkono wake mwenyewe.

Mimba ilitoka wiki ya kumi. Alikuwa peke yake. Alikwenda zahanati ya upande wa pili wa mji, asikojulikana, akarudi, akafua mashuka. Alikusudia kumwambia mumewe jioni ile ile. Lakini mumewe alipopiga simu alikuwa na furaha zake, akauliza, "Wawili wangu, hamjambo?" Fundi akasikia mdomo wake unajibu kwamba hawajambo.

Siku ya tatu mama mkwe alikuja kumsalimu. Alisimama mlangoni akimtazama kwa muda, na jioni, badala ya kuaga, akaagiza begi lake lifuatwe. Amekuja kumlinda mjukuu wake, Fundi alijisemea, na hapo ndipo mlango wa kusema kweli ulipomfungikia.

Tangu siku hiyo uongo ukawa na ratiba. Kila wiki ya pili, tabaka moja la sponji. Kuvaa, mpaka ageuze ufunguo chumbani mara mbili. Karakana yake ya ushonaji ilifungwa kwa amri ya mama mkwe, wateja wakaambiwa wasubiri. Akishika ndoo, ananyang'anywa. Akitoka nje kupunga upepo, mama mkwe yuko nyuma yake na kiti. Hata pumzi aliivuta kwa hesabu, zisije zikasikika sponji zikikwaruzana.

Nafuu yake ilikuwa moja tu. Hakuna aliyewahi kumgusa tumbo, wala kuuliza kama mtoto anacheza. Hawakununua hata soksi. Fundi alidhani wanaogopa kununua mapema, akamshukuru Mungu.

Sasa mumewe alikuwa anarudi Jumamosi. Yeye angegusa. Angelaza sikio pale pale. Fundi aliwaza kukimbilia kwa shangazi yake, akakosa nauli ya kutorokea na uso wa kufikia. Aliwaza hata kujiangusha kwenye ngazi, ili uongo nao utoke.

Ilikuwa Alhamisi. Mama mkwe alimimina kefir, wifi akanyunyiza zile njano juu ya bakuli la viazi, na vyote viwili vikasukumwa mbele yake.

"Kula, mwanangu."

Fundi alishika kijiko. Akakirudisha mezani. Aliwatazama wale wanawake wawili, vile walivyohangaika na karatasi yao, vijiko vyao na gramu zao, na aibu ikauzidi woga nguvu.

"Mama, mnamlisha mtu ambaye hayupo."

Wifi akaweka kalamu chini. Fundi akasema yote kwa pumzi moja, macho sakafuni: ile wiki, ile zahanati, yale mashuka, zile sponji. Alipomaliza alibaki ameinama, akisubiri kelele. Kichwani alishaanza kukunja nguo zake.

Kelele hazikuja. Mama mkwe alivuta kiti, akakaa karibu naye mpaka magoti yao yakagusana.

"Mimi walinitoka wawili kabla ya mumeo," alisema. "Uso ule niliujua pale pale mlangoni. Nikampigia mumeo siku hiyo hiyo. Alilia, kisha akatuomba tusikuulize mpaka useme mwenyewe."

Akamsogezea glasi.

"Tuliyekuwa tunamlisha ni wewe."