Shemeji na Maswali Yake

Vyungu vilikuwa vimepasuka tena tanurini, na kinyago chenye masizi kinachotundikwa pale kufukuza kijicho kilikuwa kimegeuziwa uso ukutani.

“Mara ya kwanza vilipopasuka, jirani yako alipita hapa?” Filinna mfinyanzi aliulizwa na shemeji yake, kwa mtindo wa maswali aliouokota kwa wanafalsafa wa Athene.

“Alipita.”

“Mara ya pili je?”

“Alipita pia.”

“Na leo?”

“Katoka hapa sasa hivi.”

“Basi shemeji, mchawi unamtafuta wapi tena?”

Filinna akaokota jiwe, akageukia kwa jirani. Hapo ndipo alipoona vidole laini vya shemeji, mtu asiyewahi kugusa tanuri, vimejaa masizi.

“Na wewe shemeji,” akauliza polepole, jiwe bado mkononi, “ni mara gani vilipopasuka wewe hukuwepo?”