Utepe Mwekundu

Dokta Kilonzi alishika mkasi, akautazama utepe, mkono ukasita hewani! Mkono huohuo unaopasua matumbo ya watu kila siku, jamani, leo unaogopa kitambaa.

Mashine mpya ya kupumulia ilikuwa imefungwa utepe tangu asubuhi, inamsubiri mheshimiwa aje kuizindua. Na pale pembeni, kitandani, Zaituni alikuwa anahema kama mtu anayezama.

"Dokta, ukikata umetumaliza," alisema Bwana Mapunda, katibu wa hospitali. "Wafadhili wa ng'ambo wanataka picha ya mheshimiwa akikata. Bila picha, mashine nyingine hatuletewi."

"Na huyu je?"

"Mheshimiwa yuko njiani."

"Njiani tangu asubuhi! Kwani anakuja kwa magoti?" akadakia Sista Tabia.

Dokta kichwa kilimzunguka. Akikata, anamwokoa huyu, na wa kesho je? Asipokata, atamwambia nini mume wa Zaituni pale mlangoni? Na huko ng'ambo mashine ilikotoka, kuna mgonjwa gani naye anasubirishwa na utepe kama huu?

Akatia mkasi mfukoni. Akainama, akapitisha mipira ya hewa chini ya utepe, akamvika Zaituni barakoa, akawasha.

Mfuko wa hewa wa mashine ukajaa, ukausukuma utepe, ukanywea. Zaituni akavuta pumzi. Ukajaa tena, fundo la utepe likaanza kuteleza.

Nje king'ora cha msafara wa mheshimiwa kikalia. Dokta akalishika fundo kwa vidole viwili, mwenyewe hajui kama analikaza au analifungua.