Barua za Marehemu Jikoni

Tangu marehemu Shekuwe atangazwe mwandishi wa taifa, barua zake za siri zilisomwa kila adhuhuri, kwa sauti yake mwenyewe, katika vipaza sauti vya kila jiko. Havikuzimika.

Majirani walimtania mjane wake, Bi Mwanatenga: "Kumbe mzee alikuita kitumbua chake!" Naye alicheka. Lakini leo ilifika zamu ya barua ambamo marehemu alimsamehe mkewe kwa kumzaa Rukiya na mwanamume mwingine.

"Rukiya mwanangu, kanunue nazi."

"Nazi tunazo, mama. Leo sitoki, wamefika mwaka niliozaliwa. Baba atanitaja!"

Rukiya alivuta kigoda, akaketi huku akitabasamu. Kipaza sauti kikakohoa, kama marehemu alivyokohoa kila alipotaka kusema jambo zito.