Jiwe Lenye Mstari Mweupe

"Kaka, turudi," alisema mwongozaji, yule yule aliyempandisha mdogo wangu mlima huu mwaka jana. Maji yalimchuruzika kidevuni. "Ukungu umefunga. Mbele ni utelezi mtupu."

"Bado kidogo."

"Kidogo cha nani? Mimi sioni hata viatu vyangu."

Nikaendelea kupanda. Nyumbani, juu ya kabati la mama, kuna picha ya mdogo wangu akicheka mlimani, mkono juu ya jiwe. Kila mgeni huonyeshwa. "Huyu ndiye aliyefika kileleni," mama husema, kisha hunitazama mimi, mkubwa wake, fundi cherehani, kama mtu aliyechelewa chakula. Mwaka mzima nimemwomba Mungu anifikishe alipofika yeye.

Upepo ukanisukuma. Nikashika jiwe la kando nisianguke. Chini ya kiganja changu ulipita mstari mweupe, kama chaki ninayochorea nguo, uliopinda katikati kama kiwiko.

Mstari huo nilikuwa nikiutazama kila siku, juu ya kabati.

"Mdogo wangu aliishia hapa?"

"Hapa hapa. Mvua ilikuwa kama hii. Nilipomwambia turudi, alicheka, akaomba picha moja, akageuka kushuka. Hakunibishia kama wewe."

Juu yangu njia ilipotelea kwenye ukungu. Hatua kumi tu, na ningekuwa nimempita.

Nikainua mguu.

Ee Mungu, nikasema moyoni, hata kugeuka amenitangulia?

"Kaka?"

Nikaushusha mguu, upande wa chini.