Jumamosi za Baba Judica

Uzi wa kwanza Juliana aliukuta begani kwenye sweta la mumewe, wa rangi ya waridi. Wa pili ulikuwa wa njano, kwenye kofia. Alipoukuta wa tatu, umejisokota ndani ya soksi, aliacha kufua, akakaa juu ya ndoo na kujiuliza ni mwanamke gani huyo anayenyonyoka kama kuku.

Mume wake, Theodory, alikuwa mwanaume wa kutisha, na Juliana alihakikisha Endagikot nzima inalijua hilo. Alikuwa askari wa wanyamapori kwa miaka ishirini na sita. Sauti yake ilisimamisha ng'ombe. "Wangu mimi hajui hata chumvi inakaa wapi," Juliana aliwaambia wenzake kila baada ya misa, kama mtu anayetaja shahada ya chuo kikuu. Jirani yao Wolfgang alipoonekana siku moja anaosha vyombo, ni Juliana aliyembatiza jina la Dada Wolfgang, na jina hilo lilifika kijiji cha Bashay kabla vyombo havijakauka.

Sasa huyu dume, tangu astaafu, kila Jumamosi alisema anakwenda mnadani Dongobesh. Jioni alirudi viatu safi, hajanunua hata mbuzi, anapiga mluzi. Alinunua miwani ya kusomea, na hakuwa anasoma chochote. Kisha kitenge cha Juliana, kile cha kijani chenye tausi, kikatoweka kabatini.

Alikiona tena Jumapili ya mavuno, kanisani.

Mwalimu Genoveva, mjane aliyestaafu kufundisha sayansi kimu, alikuwa na ugonjwa wa kushona mablanketi ya viraka. Nyumbani kwake kulikuwa na matatu yaliyokwisha na mengine kumi hivi yasiyokwisha, yametanda kwenye viti hadi mgeni huombwa kukaa kwenye kigoda. Siku hiyo alileta moja kama zawadi kwa paroko. Lilipita yote aliyowahi kuonyesha. Watu walipanga foleni kulishika. Na pale katikati, amekatwa kwa ustadi na kuzungushiwa viraka vya njano na waridi, tausi wa Juliana alikuwa anamtazama.

"Huyu mama ana mikono ya dhahabu," alisema Marieta.

"Mirefu pia," alisema Juliana. Akamgeukia mwenyewe. "Shikamoo, Mwalimu. Hiki kitambaa umekitoa wapi?"

"Marahaba. Nilipewa," Genoveva alijibu, akaangalia chini.

Nyuma yao Theodory alishikwa na kikohozi hadi akatoka nje.

Hapo Juliana hakuhitaji tena kuambiwa. Jumamosi iliyofuata aliwachukua Marieta na Agatha, wote wa jumuiya moja, wawe mashahidi. Walimfuata Theodory kwa mbali. Barabara ya Dongobesh hata hakuitazama. Alikata kushoto penye mashine ya kusaga, akaingia kwa Genoveva bila kupiga hodi, kama mwenye nyumba. Mlango ukafungwa.

"Ngojeni hapa kwenye uzio," Juliana alisema. "Nikipiga kelele, mje."

Agatha alikuwa ameshafungua kamera ya simu.

Juliana alipita mlango wa jikoni, viatu mkononi. Sauti zilitoka chumbani.

"Polepole, Mwalimu."

"Nyoosha kwanza upande wako."

"Hapo, hapo. Usivute sana."

Juliana alisukuma mlango kwa bega.

Kitandani lilitandazwa blanketi kubwa la viraka. Upande mmoja alikaa Genoveva, amevaa koti na kilemba. Upande wa pili alikaa Theodory, miwani puani, sindano mkononi, pini tatu zimebanwa midomoni.

"Mama Judica," alisema, na pini zikadondoka.

"Unafanya nini?"

"Nashona upindo."

Genoveva alisimama. "Mama Judica, mwanafunzi wangu usimkasirikie. Nimefundisha wasichana miaka thelathini, mkono kama huu sijauona. Lile la paroko ni lake. Mimi nilibeba tu."

Theodory, alipoona hajapigwa bado, akapata ujasiri. Alifungua sanduku chini ya dirisha, akaanza kutoa. Haya manne bado. Hili linangoja pamba ya katikati. Hili rangi zimenikataa, nitalifumua. Kwa miaka yote ya ndoa Juliana hakuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo bila kutukana.

"Na hili limekwisha," alisema, akamwekea mikononi. "Ni lako, la baridi ya Juni. Samahani kwa kile kitenge. Nilitaka kukwambia, nikaogopa utanicheka."

Juliana alipitisha kidole juu ya mishono. Ilikuwa midogo kama punje za ulezi, imenyooka kama mistari ya daftari. Kitu kizuri kama kile hakuwahi kupewa na mtu yeyote. Alitafuta mahali pa kukaa.

"Mama Judica!" Marieta aliita kutoka nje. "Vipi huko? Tuingie?"

Juliana alimtazama mumewe: miwani, sindano, uzi wa waridi unaning'inia kwenye sweta. Akamkumbuka Dada Wolfgang. Alilirudisha blanketi sandukuni, akalifunga. Alitoka akavuta mlango nyuma yake hadi ukabana, akavuka uwanja kwa hatua za haraka, machozi ya kweli yakimtiririka.

"Umewakuta?" aliuliza Agatha, simu juu. "Wanafanya nini?"

Juliana alifuta uso kwa upande wa kanga, akanyoosha shingo.

"Nimewafumania," alisema. "Kitandani, wote wawili."